Pikapu Iliyokataliwa na Bima

Jumamosi nilikuwa kwenye gereji ya jua kali, ya uwanjani isiyo na paa, huko Kawangware, nikingoja ekzosi ya gari langu ichomelewe, seremala mmoja wa Kibera alipofika na pikapu yake ikivutwa kwa kamba. Ilikuwa imegongwa na lori. Kampuni ya bima ilisema haifai kutengenezwa tena, ikamlipa na kumwachia mabaki.

“Hao watu wa bima hawajui gari,” alimwambia fundi, akiipapasa boneti kama ng’ombe mgonjwa. “Hii imenibebea vitanda miaka minane. Wewe inyooshe tu.”

Fundi alijiingiza chini ya pikapu, akakaa huko kitambo. Alipotoka, alijipangusa mikono polepole.

“Chesisi imepinda, mzee. Nikiinyoosha itatembea. Lakini siku ya kwanza umpakie mama yako.”

Seremala alimtazama fundi, kisha akaitazama pikapu.

“Mama huwa anapanda basi,” alisema.

“Basi na wewe panda basi.”

Seremala alicheka mpaka akaegemea mlango, nao ukang’oka. Hapo hapo akaanza kupatana bei ya kuuza injini na muuza vipuri wa jirani.

Alipoondoka, nilimuuliza fundi kwa nini amejinyima kazi ya wiki nzima.

“Mteja akikufa, ataniletea gari gani tena?”

Kampuni yangu ya bima huniandikia barua ndefu kila mwaka. Sijawahi kuona mahali inaposema ingependa niendelee kuishi.