Punje Kumi na Tisa, Punje Arobaini na Moja

Mke wangu amenikataza kusimulia kisa hiki mbele ya wageni, kwa sababu wageni wakishatoka hucheka hadi wanapofika kwenye gari. Waache wacheke. Mimi nilikuwepo, akili zangu zilikuwa timamu, sikuwa nimeonja hata soda, na wala haikuwa gizani. Ilikuwa Ijumaa alasiri, jua la Julai linauchoma mji wetu wa Lewisville kama linaudai. Nakueleza nilichokiona kwa macho haya.

Yote yalianza na tiketi ya Mama. Mke wangu Jeanine alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yetu ya kwanza, na Mama yangu, aliyeko Rumonge, Burundi, alikuwa amenyimwa viza mara mbili. Mara ya tatu akapewa. Nililia palepale kwenye ghala ninakofanya kazi, katikati ya makatoni, nikamwambia msimamizi ni vumbi. Dada Mwanaidi, Mtanzania wa Stafford kule Houston anayewakatia watu tiketi, akampatia Mama nafasi kwenye ndege na kuishikilia hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni.

"Shemeji," aliniambia kwenye simu, "ikipita hapo sina la kukusaidia. Nafasi nyingine ya bei hii ni Septemba."

Septemba mtoto angekuwa ameshajifunza kutabasamu, na bibi yake hayupo.

Sasa, pesa nilikuwa nazo. Ndicho kilichoniuma. Zilikuwa kwenye benki inayopokea mshahara wangu, benki isiyo na hata mlango, inakaa ndani ya simu, na kwa siku inakuruhusu kutumia kiasi kidogo tu. Tiketi ilizidi kiasi hicho mara mbili. Iliyoweza kulipa tiketi ilikuwa kadi ya mkopo niliyopewa na chama cha akiba na mikopo hapa mjini, mfano wa saccos za kwetu, lakini kadi yenyewe ilikuwa imejaa hadi shingoni: kitanda cha mtoto, kiti cha mtoto cha kwenye gari, matairi manne. Nikapanga hivi: niunganishe benki yangu na chama, nilipe deni la kadi kutoka kule, maana chama kikivuta chenyewe kikomo cha siku hakihusiki, kadi ipumue, tiketi ikatwe. Rahisi, sivyo?

Ili kukuunganisha, chama hutuma kwenye benki yako senti kidogo, mara mbili. Unaangalia ni senti ngapi, unaziandika kwenye ukurasa wao, nao wanajua akaunti ni yako kweli. Hayo nayajua leo. Jumatatu ya wiki ile ya tiketi sikuyajua, kwa sababu maelezo sikuyasoma. Niliona tu senti zimeingia, kisha zikaingia nyingine, kutoka kwa nisiyemfahamu. Wewe uliyekulia kwenye nchi ya kutumiana pesa kwa simu ungefikiri nini? Nilikumbuka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, jinsi mtu akikosea namba anavyokupigia huku sauti inatetemeka, na ukimrudishia anakuombea hadi wajukuu. Nikawaandikia benki: kuna mtu amekosea, tafadhali mrudishieni haki yake. Wakamrudishia. Usiku ule nililala usingizi wa mtu mwema.

Ijumaa nilipoona bado sijaunganishwa, nikaenda chamani moja kwa moja kutoka kazini. Dada wa dirishani alinisikiliza, akatazama kompyuta, akafunika mdomo kwa mkono. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kuona mtu aliyerudisha senti. Akanitumia nyingine papo hapo, lakini zingefika Jumatatu, na ni ngapi hata yeye haoni, mashine ndiyo huchagua. Akaniasa pia: safari hii nikiandika vibaya mara moja tu, akaunti inafungwa. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na robo. Nikamshukuru, nikatoka nje nikiwa sijui naelekea wapi.

Lami ya maegesho ilikuwa imelainika kwa joto. Kando ya gari langu, kwenye ukingo wa saruji, alikaa bibi mmoja, ungo mapajani, anachambua maharage. Alivaa kitenge cha kijani na sweta la sufu lililofungwa vifungo vyote hadi kooni. Miguu yake ilikuwa peku. Mimi, mwenye viatu vizito vya kazi, nilihisi moto kwenye nyayo, yeye ameikanyaga lami kama zulia la sebuleni. Tena ungo ulikuwa na kivuli. Yeye hakuwa nacho. Niamini, nilitazama mara mbili.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana adabu ilinitoka kabla ya woga.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe uliyerudisha senti?"

"Nani amekwambia?"

"Kule tuliko tumecheka wiki nzima! Senti za mji huu zote zinapita kwetu, zinakwenda, zinarudi, hakuna anayezisalimia. Wewe umezirudisha na neno tafadhali juu. Wenzangu wakasema, nenda ukamwone huyo mjinga wetu."

"Bibi, unanitukana."

"Nakusifu. Mama yako anasubiri ndege, siyo?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Bibi akaanza kuhesabu punje kwa kidole, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Fungu la kwanza punje kumi na tisa. Fungu la pili arobaini na moja.

"Andika hizo."

"Nikikosea wanafunga akaunti."

"Basi usikosee. Lakini si za bure. Nimekupa namba mbili, nawe nipe mbili. Zako mwenyewe."

Hapo nikajiona mjanja. Namba ya simu? Namba ya siri ya kadi? Siwezi. Lakini sisi tuliopitia kambini, wengi wetu tulizaliwa tarehe moja Januari. Yaani tuliandikwa hivyo. Karani hakuwa na muda wa kuuliza, wazazi hawakuwa na karatasi, basi mstari mzima wa watoto ukazaliwa siku moja. Kila mwaka mpya, parokia yetu hapa hukata keki moja kwa ajili ya watu zaidi ya thelathini. Nikawaza, hiyo nampa, si yangu hata hivyo.

"Moja na moja," nikasema. "Siku yangu na mwezi wangu."

"Una hakika huzihitaji?"

"Chukua tu, bibi."

Akacheka hadi ungo ukatikisika, akakunja kitu nisichokiona kwenye pindo la kitenge, akafunga fundo.

Niliandika kumi na tisa na arobaini na moja. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukatoa alama ya kijani. Nikalipa kadi. Nafasi ikafunguka. Nikampigia Dada Mwanaidi.

"Zimebaki dakika nane, shemeji! Ulikuwa unasubiri tarumbeta?"

Nilipoinua uso, ukingo ulikuwa mtupu. Nikaweka kiganja pale alipokaa. Katika joto lile, saruji ilikuwa ya baridi kama imetoka kwenye friji.

Jumatatu senti zikaingia benki. Kumi na tisa. Arobaini na moja. Jeanine alizitazama, akarudisha simu mezani, akaenda kuchemsha chai ambayo hakuinywa.

Mama alifika siku tisa kabla ya mtoto. Ndiye aliyempokea mjukuu wake mikononi kabla yangu mimi. Pale hospitali muuguzi akaniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilifungua mdomo ikatoka hewa. Nikampa leseni ya udereva: mwaka upo, lakini siku na mwezi vimesuguka, plastiki laini kama iliyopitishwa dole gumba miaka mingi. Mwaka mpya, kanisani, majina ya wenye keki yakasomwa yote. Langu halikuwemo, na katibu aliapa kwamba aliliandika.

Nikamwomba Mama anipe tarehe ya kweli.

"Ilikuwa siku ya soko," akasema.

"Siku ya soko ipi, Mama?"

"Ile ya mvua." Akafikiri, akanitazama jinsi nilivyoinamisha kichwa. "Basi ni leo. Washa jiko."

Katika miezi yake sita hapa nilizaliwa mara nne. Sasa amerudi Rumonge, na hunipigia asubuhi yoyote anayojisikia: "Mwanangu, leo umezaliwa, kula vizuri." Kwa kuzaliwa mara nyingi hivyo, miaka yangu siijui tena, na Jeanine anasema tabia zangu zinathibitisha.

Kwa hiyo wewe unayetaka kulipa kadi yako kutoka benki nyingine, soma maelezo, na senti zikiingia usimrudishie mtu. Na ukimkuta bibi asiye na kivuli anakuomba namba mbili, usijifanye mjanja ukampa unazodhani si zako. Kaa kwanza kwenye gari, washa kiyoyozi, mpigie mama yako umuulize anakumbuka nini.