Kinyozi na Mzee wa Dirishani

Kanisa lilipoandaa msafara wa kwenda ng'ambo kuhudumia makao ya wazee, kila mjumbe alijua atakachobeba: daktari dawa zake, wanakwaya sauti zao, na Katibu, kiongozi wa msafara, kamera yake. Kinyozi alialikwa mwisho, baada ya wenyeji kuomba wapatiwe mtu wa kuwanyoa wazee, kwani walionyolewa na wauguzi walitoka wamechanjwachanjwa. Mkewe alicheka alipokuwa akimfungia vifaa.

"Wenzako wanapeleka Neno, wewe unapeleka mkasi!"

"Neno litapita wapi, mke wangu, na masikio yamezibwa na nywele?"

Kinyozi alikuwa shemasi, mtu wa makamo, mwenye kumcha Mungu bila makeke. Jambo moja tu alijivunia kimoyomoyo: ulimi wake haukuzoea uongo. Hata mteja mwenye upara alimweleza kwa upole kwamba hapakuwa na cha kupunguza.

Makao yale yalikuwa na korido ndefu yenye kunukia sabuni ya sakafu, madirisha yenye nondo, na lango lililofungwa mchana kutwa, kwa sababu wazee walikuwa na desturi ya kutoka kwenda kutafuta nyumba walizokwisha kuziuza. Wageni nao walilazwa humo humo, orofa ya juu, wakafungiwa pamoja na wenyeji wao.

Kazi ilianza ukumbini kwa vicheko. "Polepole, fundi," alisema babu mmoja, "hizo ndizo za mwisho nilizobakiwa nazo duniani."

"Babu, nikienda polepole kuliko hivi zitaota nyingine."

Mmoja tu hakuja ukumbini. Walimwita Mzee wa Dirishani, kwa kuwa alishinda kwenye kiti chake akitazama nje kwa macho yaliyotandwa na ukungu wa uzee, hali haoni kitu. Alikuwa amekataa chakula hata mashavu yakabonyea. Kinyozi akamfuata chumbani, akampaka povu, akamwinua kidevu, akaweka wembe kooni. Papo hapo mzee akashtuka, shingo ikageuka.

"Ni wewe, mwanangu? Kitindamimba wangu, umerudi?"

Wembe ukiwa kooni mwa mtu, kinyozi hatafuti neno la kweli. Hutafuta neno la kumtuliza. Mkono ulitangulia, ulimi ukafuata.

"Ni mimi, baba. Tulia."

Mzee akatulia kama mtoto aliyeshiba. Wembe ukapita salama, pasipo tone la damu. Na chakula kilipoletwa, mzee akala. Lakini akala kutoka mkononi mwa kinyozi tu.

Kinyozi alimfuata Msimamizi wa makao koridoni, roho ikimsuta. "Mama, nimemdanganya. Nataka nikamwambie ukweli."

"Umwambie ili iweje, fundi?" Msimamizi alikuwa mama wa maneno machache, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee mwenyewe ndiye aliyemfukuza mwanawe, miaka mingi imepita. Hatujui aliko, wala kama yu hai. Sisi tulikuwa tunajiandaa kumzika huyu. Mwache ale."

Habari ingeishia hapo, lau Katibu asingekuwa mlangoni na kamera yake. Kwenye ibada picha ya kinyozi akimlisha mzee kwa kijiko ilionyeshwa ukutani, na Katibu akatangaza kwamba Bwana amempa baba mpweke mwana. Ukumbi mzima ukaitikia amina. Kinyozi akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Tangu hapo hakuwa na pa kupenyea. Mzee alimuuliza kama anaikumbuka baiskeli yake nyekundu, akasema anaikumbuka. Akamuuliza kama goti lililovunjika bado linamuuma. Kinyozi akajikuta anachechemea kuelekea beseni. Kila alipoomba atoke kidogo akanyooshe miguu barabarani, wenzake walimkejeli: "Mrithi, unakwenda wapi? Baba anakuita!"

"Mimi nina baba yangu, amelala makaburini," alimjibu daktari siku moja kwa ukali.

"Basi una bahati, wengine hatuna hata mmoja," daktari akasema, akaendelea kuhesabu vidonge vyake.

Asubuhi ya kuondoka, alipokuwa amenyoa shavu moja, mzee alimkamata kifundo cha mkono.

"Nilikufukuza kwa kosa la kaka yako. Niliujua ukweli kesho yake, nikaona haya kukutafuta. Mwanangu, umenisamehe?"

Kinyozi alihisi chumba kimepungua upana. Baiskeli na goti vilikuwa uongo wa kupita; msamaha huu ulikuwa mali ya mtu. Mwenyewe yuko mahali fulani na kidonda chake, na nani amempa shemasi ruhusa ya kukifunga? Akaweka wembe mezani, akapangusa mikono, akapiga magoti.

"Baba, mimi si mwanao. Mimi ni kinyozi, nimekuja na watu wa kanisa. Nilikuitikia kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni mwako. Nisamehe mimi."

Povu lilimkaukia mzee shavuni.

"Kumbe bado. Hata leo unanikana. Haya, ni haki yako, mwanangu."

Akageukia dirisha. Chakula kilipoletwa, akafumba mdomo. Msimamizi alimbembeleza, akashindwa. Honi ikalia nje, na Katibu akachungulia: "Mrithi, twende! Ndege haimngoji mtu."

Kinyozi alitazama uso ule ulionyolewa nusu. Akiondoka hivi, atakuwa amemwadhibu mzee kwa niaba ya mtu asiyemjua. Akisema neno lile, atasimama mbele za Mungu na msamaha wa wizi. Akapaka povu jipya. Wembe ulikuwa bado juu ya meza, mbali na koo la mtu, hata kisingizio hakuwa nacho.

"Nimekusamehe, baba."

Akamaliza shavu la pili. Mzee akala, kijiko baada ya kijiko, machozi yakichanganyika na mchuzi.

"Utarudi lini?"

"Ndevu zikiota, baba."

Mzee akacheka, wauguzi wakageuka, kwani hawakuwahi kuusikia mcheko huo.

Msimamizi alimsindikiza hadi langoni, akatia ufunguo katika kufuli, asiuzungushe.

"Ndevu zake, fundi, huota upesi."

Alingoja jibu. Kinyozi akaukaza mkanda wa mkoba wake wa vifaa. Mwishowe ufunguo ukazunguka, naye akapanda gari, akakuta ameachiwa kiti cha mbele.

"Kaa hapa, Mrithi," Katibu akasema, akiisafisha lenzi kwa pindo la shati. "Tukifika nyumbani, wewe ndiye utakayefungua ushuhuda."