Bega la Amosi

Leo nimemfokea mgonjwa mbele ya watu, jamani.

Tulikuwa na mechi ya mpira kijijini Heru Juu. Tuko kumi na moja kamili, hakuna hata mtu wa akiba.

Mpira ukatoka, beki wetu Amosi akaurusha kwa mkono mmoja. Refa akapuliza filimbi, wakapewa wapinzani. Watu wakacheka.

Mara ya pili, vilevile. Hapo nikawaka:

"Amosi, unatuchoresha! Mikono miwili, nyuma ya kichwa!"

Akarudi kwenye nafasi yake.

Mpira ulipotoka tena, akaupandisha kwa mikono miwili hadi nyuma ya kichwa, miguu yote chini. Sahihi kabisa.

Akapiga ukelele, akaanguka. Mpira ukadondokea nje ya mstari.

Tukamvua jezi. Bega limevimba, amelifunga kwa kipande cha kitenge. Kumbe jana alianguka na bodaboda.

Na asubuhi nilimpigia simu mimi mwenyewe, nikamwambia asipokuja tutapungua. Akajibu, "Nakuja, kaka." Basi. Ningejuaje? Niambieni.

Watazamaji wakampakia kwenye gari kwenda hospitali ya Kabanga.

Refa akasema mpira haukuingia uwanjani, urushwe upya.

Nikaurusha mimi, kwa mikono yangu miwili mizima.

Hakuna aliyeukimbilia.