Mikindu ya Ukingoni kwa Mama

Tangu Jumapili ya Matawi ya mwaka huu sijaongea vizuri na mwenyekiti wa kikundi chetu cha mazingira, na parokia nzima hapa Mbinga inajua. Wengine wananiambia, mama, samehe, hayo ni mambo ya kanisa. Ndiyo maana yananiuma! Yangekuwa mambo ya kilabuni ningekwisha kuyasahau.

Nieleze tangu mwanzo, maana yamezungushwa huku na huku mpaka mkorofi nimekuwa mimi. Mama yangu alikuwa anakaa ziwani, upande wa Liuli, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu baba karibu na mahali mto unapoingia Nyasa. Baba alipojenga, mto ulikuwa mbali. Ukienda kuchota maji ulirudi na ndoo kichwani ukipumzika njiani. Miaka ya karibuni ulikuwa unachota ukiwa umesimama nyuma ya jiko. Kila masika mto ulimega ukingo, na kila masika mama alisogeza kamba yake ya kuanikia nguo. Mimi na ndugu zangu tulimsihi ahame, aje kwangu huku juu. Akatujibu kwamba wazee wenzake wote aliowaona wakihamishwa na watoto wao wamekufa. Utamwambia nini mtu kama huyo? 

Na mto wenyewe hauna kosa. Wenye kosa ni sisi wa huku milimani. Tunalima mpaka kwenye kingo za mito, tunafyeka vichaka vyote tupate mistari miwili zaidi ya mahindi, halafu mvua ikinyesha udongo wetu unateremka kwa mama na majirani zake. Kwa hiyo Baba Paroko aliposimama siku moja akahubiri kwamba kuharibu vyanzo vya maji ni dhambi ya kupeleka kwenye kitubio, mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kujiunga na kikundi cha kujitolea. Nashona nguo karibu na stendi, kwa hiyo hata fulana zetu za kijani nilizirekebisha mimi, bure, kila mtu na kipimo chake.

Mwenyekiti tulimchagua mzee mmoja mstaafu, mtu wa watu, mwenye sauti nene na miguu isiyochoka. Hajawahi kukataa ombi lolote la kanisa. Hapo ndipo penye shida yote.

Nilipopendekeza tukapande mikindu ukingoni kwa mama, palitokea minong'ono. Eti nataka parokia nzima ikamjengee mama yangu uzio. Nikawaambia ndiyo! Mama yangu naye si kiumbe cha Mungu? Au utunzaji wa uumbaji ni wa ndege na vipepeo tu? Wakacheka, wakakubali. Mama ndiye aliyekuwa ameniambia kwamba zamani ukingo ule ulikuwa umejaa mikindu, na mizizi yake ilishika udongo barabara, mpaka watu walipoimaliza kwa mikeka na vikapu.

Tulishuka Desemba moja, kwenye Fuso, tunaimba njia nzima. Tulichimba machipukizi kwenye kinamasi huko juu ya mto, tukayabeba kichwani mpaka ukingoni, tukayapanda. Mimi nilikuwa nimebeba vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye zile fulana. Nikafunga kipande kwa kila mche ili wenye mbuzi wajue kwamba pale pana wenyewe. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Mama akatupikia ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa Nyasa. Picha zilipigwa mpaka simu zikaisha chaji.

Baada ya hapo, kimya. Jamani, watu wa kujitolea tunapenda kupanda, kwa sababu kwenye kupanda kuna nyimbo na picha. Kupalilia hakuna nyimbo. Kila nikikumbusha kwenye kikao kwamba miche inataka kuangaliwa, mmoja ana mavuno ya kahawa, mwingine ana kipaimara cha mjukuu, mwenyekiti anasema tutapanga. Tutapanga, tutapanga! Nikawa nashuka peke yangu, basi mpaka Mbamba Bay, kisha bodaboda. Nilipalilia, nilizibia mbuzi kwa miiba, miche iliyokufa niliing'oa nikapanda mingine. Na mikindu ikashika. Masika ya mwaka jana yalikuja makali, majirani wa mama wa ng'ambo ya mto walipoteza mihogo yao, lakini kwa mama kamba ya nguo haikusogezwa hata hatua moja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu pale ukingoni.

Sasa sikiliza. Huku Mbinga Jumapili ya Matawi huwa inatutia aibu kidogo. Mikindu ni ya kutafuta, kwa hiyo mmoja anakuja na tawi la msaipresi, mwingine na jani la mgomba. Mwaka huu mwenyekiti akamwahidi Baba Paroko kwamba kikundi chetu kitaleta matawi ya kweli, kanisa zima. Nilisikia wameshuka ziwani Jumamosi na pikapu. Nikajua wanakwenda kununua Mbamba Bay. Wala sikuwaza lingine.

Jumapili asubuhi tumekusanyika uwanjani kabla ya maandamano, mhudumu mmoja akanipa kuti langu. Zuri kweli, changa, jeupe kuelekea manjano, lile kuti la moyoni ambalo halijafunguka. Nikaligeuza. Kwenye kikonyo kilikuwa kimenata kipande cha kitambaa cha kijani, na fundo lilikuwa langu.

 Nikamfuata mwenyekiti.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama!" akanichangamkia.

"Mwenyekiti, haya makuti mmeyatoa wapi?"

"Si kulekule kwetu! Pale tulipopanda. Imestawi, mama, we acha tu. Ungekuwepo ungefurahi."

Anasema hivyo huku anatabasamu. Alikuwa anasubiri nimpongeze!

"Mmekata kuti la katikati."

"Ndilo laini."

"Ndiyo roho ya mti hiyo! Mkindu mchanga ukiutoa moyo unakufa!"

"Punguza sauti, Padri anakuja. Mama, tulipanda kwa ajili ya Mungu, tumempelekea Mungu. Kosa liko wapi?"

"Kosa? Nyumba ya mama yangu iko pale! Na mvua ndiyo kwanza zinachanganya!"

Mama mmoja wa kwaya akadakia, "Kwa hiyo ulitaka Bwana Yesu tumpokee na majani ya mgomba?"

"Ndiyo, ya mgomba! Na ya mparachichi! Na ya mbuni! Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaumba yote, atachagua?"

Watu wakacheka, wakadhani natania. Nyimbo zikaanza, maandamano yakaondoka, kila mkono umeinua mkindu wangu. Hebu fikiria. Wangekuwa wezi ningekwenda polisi. Wangekuwa wenye mbuzi ningedai fidia. Lakini hawa ni watu wa fulana zangu za kijani, wameharibu kazi yao wenyewe wakiimba Hosana, na aliyekosa adabu ni mimi niliyepiga kelele sikukuu.

Sikuwafuata kanisani. Nilikwenda stendi nikapanda gari la kushuka ziwani.

Ukingo nilioukuta sina hamu ya kuueleza. Safu nzima, kila mche umebaki na makuti ya pembeni yaliyolala chini, katikati pana tundu, na shina limelegea udongoni kwa kuvutwa. Maji yalikuwa yameshapanda, mekundu, yanapita hapo hapo kwenye mizizi. Nilirudi uani nikamkuta mama anageuza usipa wake juani.

"Walikuja watu wa kanisa," akasema kabla sijamuuliza. "Tena wengi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ukawaangalia tu?"

Akainamia usipa wake. Nikajua amewaogopa, mwanamke mzee peke yake, mapanga yote yale. Hasira ikazidi kunipanda. Nikamwambia nikirudi Mbinga watanitambua. Akaendelea kugeuza usipa.

Wiki Kuu nzima ilinyesha. Alhamisi jirani yake akanipigia simu kwamba jiko limekwenda na maji, na nyumba kubwa ukuta wa nyuma umepasuka. Nilifika Ijumaa Kuu. Mama alikuwa amekaa kwa jirani, amepakata redio na sanamu ya Bikira Maria, na pale palipokuwa jiko palikuwa ni mto tu.

Nani aliyekuja kumhamisha? Kikundi cha mazingira. Jumamosi asubuhi pikapu ileile ikasimama uani, mwenyekiti akaruka wa kwanza. Walitoa vitanda, wakang'oa mabati, wakafunga kuku miguu. Unataka kumchukia mtu, na mtu mwenyewe amebeba godoro la mama yako kichwani, anatoka jasho, anauliza mama atakaa mbele ili asirushwe na mashimo. Nilikosa hata pa kuanzia. Nilichoweza ni kutomshukuru, na hilo nalo likaonekana, likasemwa.

Basi mama akahamia kwangu. Mbinga ni baridi kwa mtu wa ziwani. Alivaa sweta langu juu ya sweta lake, akawa anakaa jikoni karibu na moto tangu asubuhi, haulizi kitu, hali sana. Muhogo wangu haukuwa muhogo, samaki wa huku amechoka. Nilikuwa namwangalia nakumbuka maneno yake kuhusu wazee wenzake, naogopa kweli, na kila nikiogopa hasira zangu zilirudi kwa mwenyekiti.

Jumapili moja baada ya Pasaka mwenyekiti akabisha hodi, na wenzake wawili, wameleta sukari na sabuni. Wakamwamkia mama, wakakaa. Mwenyekiti akasema kikundi kimeketi, kimesikitika, na Desemba kitashuka kupanda mikindu upya palepale.

Nikalipuka. "Mkampandie nani? Chura? Nyumba haipo! Mnapanda mpigwe picha, mnakata muonekane mbele ya Padri, halafu mnaleta sukari! Hivi kwenye kikundi chenu kuna mtu hata mmoja aliyewahi kufikiri?"

 Yule mzee alichukua kofia yake, akaniaga kwa adabu, wakatoka.  Nikamimina chai nimpelekee mama.

"Umemfukuza mtu bure," mama akasema. "Panga nilitoa mimi."

"Panga gani?"

"La kukatia. Wao walitaka makuti ya pembeni. Waliogopa kuharibu. Mimi ndiye niliyewaambia wachukue la katikati, ndilo zuri kwa Bwana."

"Mama! Ulijua mti utakufa!"

"Nilijua. Si mimi niliyekufundisha mkindu?"

"Na nyumba yako?"

Akavuta sweta. "Walibisha hodi, wakaniamkia wote, mmoja mmoja. Wakakaa uani. Wakala muhogo wangu. Wakaimba. Tangu msiba wa baba yako sijaona watu wamejaa uani kwangu namna ile. Wameniomba kitu, nami ninacho. Ningewaambia nini?"

"Lakini mimi nilikuwa nakuja, mama! Nimekuja mara ngapi!"

"Ulikuwa unakuja kwa mikindu," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Unashuka kwenye pikipiki, unapita mlangoni kwangu kama hamna mtu, unakwenda huko ukingoni. Mimi niko ndani nakusikia unaongea na miti. Shikamoo yangu naipata ukirudi, na hapo unaogopa gari litakuacha."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa naikimbilia nyumba yake, kwamba kila jembe nililopiga pale nililipiga kwa ajili yake, kwamba hiyo si haki hata kidogo. Maneno yote hayo nilikuwa nayo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni "Shikamoo, mama," jioni hiyo, kwa mtu niliyeshinda naye tangu asubuhi.

Akakipokea kikombe cha chai.

"Marahaba," akasema. "Funga mlango, baridi inaingia."