Roza Fupi za Nyuki

Hapana, si miiba njo iliniondoa kazini. Miiba tulizoeana. Munaangalia hii mikono munafikiri ni paka alinikwaruza. Ni roza, bengine banaita waridi. Nilizichunga tangu Louisville mpaka hapa Buffalo.

Siku ya kwanza, kule Shively pembeni ya Louisville, balinipeleka kwa nyumba kubwa ya plastiki, joto sawa kwetu Uvira. Bosi alikuwa mama muzungu, anavuta maneno kama anavuta ndoo kwa kisima: "Maaama... hii... ni... roooza." Alizani miye kiziwi. Akanipa sekateri, ule mukasi wa kukata matawi, akanionyesha jicho: kidoti kidogo chekundu, pale fasi tawi mupya itatokea. Unakata juu yake kidogo, jicho ikiangalia inje. Donc, basi, muti inafunguka, hewa inapita. Jicho ikiangalia ndani, matawi inapigana kama batoto kwa kitanda moja.

Roza zetu zilikuwa fupi, zinakufika kwa magoti tu. Ua iko wazi kama sahani, unga ya manjano katikati. Nyuki anatua, anajipaka, anaenda. Kuna zingine za kujaa kama shu, ile kabichi, nzuri kwa harusi, lakini nyuki anazunguka pale sawa mugeni mwenye kukuta mulango imefungwa.

Columbus nilifuata binti yangu. Kule mukubwa wa kazi alikuwa mama Murundi, alikulia kambini Tanzania, Kiswahili yake imepigwa pasi. Asubuhi ya kwanza nikakuta chini ya roza kumejaa vipande vya mbao. Nikasema hii ni uchafu gani? Nikatafuta ufagio, nikainama, nikafagia mpaka udongo ikang'aa, vile mama yangu alinifunza kufagia kiwanja. Akafika, akasimama pale. "Mama mpendwa, mbao hizi tumezinunua. Zinazuia udongo usikauke. Naomba uzirudishe." Nikazirudisha zote. Mpaka leo akinipigia simu anauliza kama nimeshafagia Buffalo yote.

Bon. Huku Buffalo ni theluji njo inakufunza. Mbele ya baridi kufika unarundika udongo kwa shina ya roza, unaifunika vizuri sawa mugonjwa. Bosi alikuwa muzee, anakohoa kwanza, kiisha anasema neno moja. Nilimupenda. Alikuwa ananiacha naimba.

Lakini macho ilianza kuniacha, naona sawa moshi kila fasi. Sikuambia mutu. Nani angenipa kazi tena? Na nyumbani nikae na nani? Binti yuko kwa kiwanda, bajukuu nabasemesha Kiswahili bananijibu Kingereza. Kule kwa roza njo nilikuwa mutu. Donc nikafundisha vidole. Jicho ya tawi unaisikia kwa kidole kama punje ya muchele. Roza yenye imefunguka, nyuki banakuambia kwa kelele yao. Bosi akawa anaita hata bageni, baje baone vile Mama anakata.

Sasa nakaa kwa baraza hapa mutaa wa West Side, roza tatu kwa ndoo. Mujukuu anakata, miye namutukana kidogo, tunacheka. Sijutii. Nyie bijana, kazi yenye muko nayo, muishike mpaka mikono iijue yenyewe. Macho ni ya kuazima.

Ile siku ya mwisho, theluji ilikuwa imeisha tu. Kulikuwa roza moja yenye kupinda. Bosi akapiga magoti pembeni yangu, akanishikia matawi ili nikate vizuri. Nikapapasa, nikapata moja nono, ngozi ngumu, haina hata muiba. Nikamuambia hii imezeeka, haitatoa ua tena. Nikaweka sekateri juu yake.

Hakuvuta mukono. Akakohoa. Kiisha akasema polepole, kama mutu mwenye kuogopa kuniamsha:

"Mama, hiyo ni kidole yangu."