Noti Iliyopotea Kwenye Salamu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, mwenye gereji alinikabidhi kipande cha mpira wa kumwagilia maji na kuniambia niweke ncha moja sikioni. Gereji ilikuwa Kitale, upande wa kuelekea Kipsongo. Nilikuwa nimetarajia spana.

"Ncha ile ingine pitisha kwa ekzosi, pole pole," alisema Bwana Njoroge. "Usiniambie gari inapiga kelele. Hiyo hata ng'ombe anajua. Niambie inapigia wapi."

Niliipata kwenye flenji ya bomba hilo la moshi, yaani pale mabomba mawili yanapokutana na kufungwa kwa bolti. Mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayefyonza chai ya moto. Bwana Njoroge alipaka maji ya sabuni mahali hapo, mapovu yakatoka, akaitikia kwa kichwa.

"Utakaa," alisema. Nilikaa miaka thelathini na moja.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoleta magari yenu gereji ili sailensa ikatwe na kutupwa. Mnasema gari la spoti lisilonguruma ni jogoo asiyewika. Nimewasikia, mtaa mzima umewasikia. Lakini kelele ninayoijua mimi ndiyo ngumu zaidi kuiondoa, na asiyeweza kuiondoa asinifundishe maana ya ufundi.

Kelele ya ekzosi ni mbili. Kuna mlio, unaotoka nje kwa bomba la nyuma, na kuna mvumo, unaobaki ndani ya gari pamoja na wewe. Injini ikifika mwendo fulani, mapigo yake yanalingana na bomba, bomba linalingana na bodi, na gari zima linageuka ngoma. Redio haisikiki. Abiria wananyamaza. Kichwa kinauma. Sailensa hupunguza mlio, lakini mvumo huweza kupita ndani yake bila kubisha hodi. Mafundi wengi huongeza sufi ya chuma ndani ya sailensa, hukusanya pesa na kungoja gari lirudi.

Dawa yake naiita bomba kipofu. Unatoboa bomba kuu, unachomelea tawi lililozibwa mwisho. Sauti huingia, hugonga ukuta, hurudi. Urefu ukiwa sawa, inayorudi inakutana na inayokuja, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, na zote mbili zinakufa. Urefu ukikosea, umebeba chuma bure. Haya niliyasoma katika kitabu cha fizikia cha kidato cha nne, kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza vitabu kuukuu sokoni Kitale. Kidato chenyewe sikukiona. Niliishia darasa la nane. Kitabu kilinieleza kwamba sauti hukimbia zaidi ndani ya hewa moto. Kwa kujaribu gari baada ya gari, niliamua kuhesabu mita mia tano kwa sekunde ndani ya ekzosi, nigawanye kwa mara nne ya idadi ya mitetemo ya mvumo kwa sekunde, nipate urefu wa tawi.

Nilipohamishiwa tawi la Bungoma, niliwekwa chini ya Fomeni Wekesa, mtu mwenye cheti alichokitundika ukutani juu ya birika la chai. Wakati huo Daktari Nafula, daktari wa meno, alileta gari la spoti la milango miwili, injini ya silinda sita. Marehemu mumewe ndiye aliyelipenda. Yeye alitaka tu kulipenda pia.

"Nikifika tisini, kichwa kinagonga mpaka Webuye," alisema. "Nisaidieni ama niuze."

Fomeni aliongeza sufi ya chuma. Gari likarudi. Akaongeza tena. Likarudi. Nikamwambia tatizo ni mvumo, na sufi haitauweza.

"Profesa wa Matulo!" alisema, akijua kwetu ni kijiji cha Matulo. "Sasa chukua hiyo gari. Ikirudi mara ya tatu, inarudi kwa jina lako. Na wewe unarudi Matulo na spana zako."

"Sawa, Fomeni," nilisema. Nilikuwa na watoto watatu shuleni.

Kwanza nilihitaji kujua noti ya mvumo, yaani ujuu wa sauti yake kimuziki. Niliketi kando ya daktari, akafika tisini, nami nikaguna mmm, nikipandisha na kushusha sauti. Noti mbili zikikaribiana bila kulingana, unasikia mtikisiko, wau-wau-wau. Zikilingana, mtikisiko unakufa. Ulipokufa, nilishika noti hiyo kooni. Mwalimu Simiyu, mwalimu wa kwaya, alikuwa na uma wa sauti kanisani, kichuma cha kugonga kinachotoa noti moja ya kupimia nyingine, na jedwali la mitetemo ya kila noti. Daktari alikuwa na wagonjwa wanaongoja. Alinishusha kwenye kona. Hatua mia mbili hadi kanisani, midomo imefungwa, mmm.

Katikati ya njia alikuwa Kukhu, bibi kizee aliyeuza mboga hapo, asiyesikia vizuri.

"Mulembe, papa!" alinisalimu, akiniita baba kwa lugha ya kwetu.

Niliinua mkono, nikaendelea kuguna.

"Ati unanipungia mkono? Kwani nimekufa?"

Aliyelelewa kwetu anajua kwamba mulembe ni salamu ya amani, na haiachwi chini. Nilisimama. "Mulembe muno, Kukhu!" nilipaza sauti ili anisikie. Aliuliza habari za mama. Aliuliza habari za ng'ombe. Nilijibu zote, kisha nikarudia mmm yangu, nikiwa na hakika ni ileile.

"Hiyo ni noti ya la," alisema Mwalimu Simiyu, uma ukiwa sikioni. Mitetemo mia moja na kumi. Nilipiga hesabu, nikakata bomba la sentimita mia moja na kumi na nne, nikalipinda lilale kando ya bomba kuu, nikaziba, nikachomelea. Kesho yake daktari alirudi akishika kichwa.

Nilipomweleza Fomeni kilichotokea, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Bomba ya salamu! Jameni, njooni muone bomba ya salamu!" Alimpigia simu Bwana Njoroge, akaweka sauti ya juu ili gereji yote isikie. "Mzee, mtu wako amekata bomba kwa kuimba."

"Barasa," simu iliuliza, "unajua imekosea wapi?"

"Najua. Nilipaza sauti kumjibu mama mzee, noti ikapanda. Nikiipata ya kweli, nitakuambia kwa sentimita."

Bwana Njoroge akaamua: "Jaribu mara ya mwisho. Ukikosa, ni vile Fomeni amesema."

Safari hii nilimbeba mwalimu mwenyewe. Alikaa mbele na uma wake, mimi nyuma, magoti yakigusa kidevu. Kwenye tisini aligonga uma kwa goti, akasikiliza, akaguna, akageuka.

"Hii si la, bana. Hii ni so. Nani alikupatia la?"

"Kukhu," nilisema, na daktari akacheka kwa mara ya kwanza ndani ya gari hilo.

So ni mitetemo tisini na nane. Bomba: sentimita mia moja na ishirini na nane. Fomeni alitaka niunge kumi na nne kwenye lile fupi. Nilikataa. Kiungo huacha ukingo ndani, na sikutaka kubahatisha tena. "Basi ile ya kwanza ni yako," alisema. Nikasema iwe yangu.

Daktari aliendesha peke yake hadi Malakisi na kurudi. Sisi tulisimama langoni. Alizima injini, akashuka.

"Nimesikia indiketa ikigonga tik-tik," alisema. "Tangu nipate hii gari, sijawahi kusikia indiketa."

Fomeni naye alilichukua, akazunguka nalo, akalirudisha langoni. Asubuhi iliyofuata alinikuta kwenye chai. "Barasa, nionyeshe hiyo hesabu." Nilimwonyesha, chini ya cheti chake.

Nilistaafu mwaka jana. Sikio la kulia limepoteza noti za juu. Tabibu ananiambia ni malipo ya kazi. Noti za chini zipo, na ninyi mkipita bila sailensa nasikia vizuri tu mnachokosa. Tawi la Bungoma sasa linakata sailensa. Waliniita nikawafundishe vijana kuzikata. Nilikataa, na wakiita tena nitakataa. Ningeitwa kufundisha bomba kipofu, ningekwenda kwa miguu.

Watu huniuliza kama leo ningempita Kukhu kimya, noti ikiwa kooni na kazi ikiwa hatarini. Hapana. Ningesimama, ningejibu, kisha ningemrudia mwalimu na kumpandisha kwenye gari. Karatasi ya mshahara wa mwezi ule ninayo mpaka leo, na mstari wa mwisho wa makato ni mwandiko wa Fomeni: bomba la salamu, shilingi mia sita na hamsini.