Timu ya Kampene na Kombe la Mkoa

Siku yangu ya kwanza katika kamati ya mpira ya mkoa, hapa Kindu, nilikabidhiwa ndoo ya majivu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi, maana nilikuwa nimeajiriwa kuwa katibu, na kwangu katibu alikuwa mtu wa meza na kiti. Prezida wa kamati, mzee mrefu aliyewahi kuwa mwalimu, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaniambia chokaa imekwisha, mistari ya uwanja itachorwa kwa majivu, na kazi ya katibu inaanzia hapo. Nikachora. Niliporudi nyumbani mke wangu aliuliza kama nimeajiriwa jikoni.

Nawaandikia ninyi vijana mnaopanga mashindano kwa simu huku mmelala. Wakati wetu kombe la mkoa lilipangwa hivi. Kila sehemu ilicheza kwanza kwao, tangu Lubutu mpaka Kibombo na Kampene, na bingwa wake ndiye aliyekuja Kindu. Hapo tulifanya tiraji, yaani kura ya kupanga nani atakutana na nani. Vikaratasi vilitiwa ndani ya sufuria, na wa kuvitoa alikuwa mama yeyote wa sokoni asiyejua hata rangi ya jezi ya timu moja. Tulimwita palepale, akiwa bado na harufu ya samaki mikononi. Mashabiki wa Kindu wana ulimi mrefu. Tungetia mikono yetu wenyewe mle, wangesema tumeiba.

Katibu ndiye aliyetunga kalandriye, ile ratiba ya michezo, na ndiye aliyetafuta pa kuwalaza wageni. Hakuna timu iliyokubali kula kwa mashabiki wa wapinzani wake, kwa kuogopa chakula kilichotiwa dawa. Kwa hiyo wengi walilala kwangu, na mke wangu aliwapikia huku amenuna.

Kisha vita vikaingia. Treni ya Kibombo ikasimama, malori yakaoza njiani. Jeshi lililouteka mji lilikaa mjini, wapiganaji wengine wakakaa msituni, na aliyetoka sehemu moja kwenda nyingine alihesabiwa kuwa mpelelezi. Tulifikiri mpira umekufa. Lakini watu waliendelea kucheza, na kupitia fonia, redio ya upepo waliyotumia wafanyabiashara, timu zilituuliza lini zitaitwa Kindu.

Hapo Prezida akatunga desturi ambayo hamtaikuta katika kanuni yoyote. Timu itasafiri kwa miguu, imevaa jezi zake tangu inatoka kwao, nahodha akiwa mbele ameshika mpira kwa mikono miwili. Asiwepo wa kubeba panga, hata la kukatia kuni. Penye kila barie, kizuizi cha askari au cha watu wa msituni, waliamriwa wapige danadana ili wathibitishe kuwa ni wachezaji kweli. Waliopiga vizuri walipita. Waliopiga vibaya walichekwa sana, nao wakapita. Pande zote mbili zilikuwa na ndugu zao katika timu hizo, na pande zote zilitaka kujua nani atachukua kombe.

Timu ya Kampene ilitufikia hivyo zaidi ya mara moja. Nahodha wao, Assani, alikuwa mchimbaji wa madini, mfupi, mwenye mguu wa kushoto uliowatesa walinzi wa timu zote. Alilala kwangu. Alikuwa mtu pekee aliyeweza kumchekesha mke wangu mbele ya sufuria. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja, na sioni sababu ya kulificha hilo sasa.

Msimu ambao Kampene walifika fainali dhidi ya Mikelenge, timu ya hapa Kindu, nao wakawa wamerudi kwao kuingojea siku yake, Komanda wa mji alituita. Alikuwa anatarajia wakubwa wake, naye alitaka waone uwanja umejaa na mji umetulia. Alitutangazia kwamba askari wake wataisindikiza timu ya Kampene njia nzima. Prezida alisimama, jambo ambalo watu hawakulifanya mbele ya yule bwana.

“Komanda, mupira haitembei na bunduki,” alisema. “Wale wa pori wakiona jezi, wanaona watoto yao. Wakiona bunduki, wanaona bunduki tu.”

“Hii muji iko na mukubwa mumoja,” Komanda alijibu. “Timu itakuja na askari yangu.”

Prezida alimwomba tena, akamwomba hata fainali iahirishwe. Hakusikilizwa. Fonia ilikuwa imechukuliwa na jeshi, na sisi hatukuwa na njia ya kuwaambia Kampene wasitoke.

Habari tuliletewa na mchuuzi wa chumvi aliyesukuma baiskeli kutoka njia ile. Alikaa chini kwanza, akaomba maji. Alisema askari walitembea mbele na nyuma, timu ikawekwa katikati. Watu wa msituni waliona sare za jeshi kupitia majani, wakafyatua. Zaidi ya nusu ya timu ilibaki barabarani, na Assani alikuwa mmoja wao. Mke wangu aliposikia alitoka nje akaketi chini, na siku ile moto haukuwashwa kwetu.

Komanda hakuwa tayari kuaibika mbele ya wageni. Ninyi mnaijua forfe: timu moja ikikosa kufika, nyingine hujipanga uwanjani, mwamuzi husubiri robo saa, kisha hupuliza filimbi na waliofika huhesabiwa washindi. Komanda aliagiza ifanyike hivyo, Mikelenge wapewe kombe, wageni wapige makofi. Uwanja ulijaa watu waliosukumwa na askari. Mikelenge walijipanga wakiwa wanalia. Mwamuzi alimtazama Prezida, maana bila ishara yake hapulizi.

Prezida alitembea mpaka jukwaani, akasema kwa sauti ya mwalimu iliyosikika hadi ng'ambo ya uwanja, “Forfe iko ya timu yenye ilikataa kuja. Hawa walikuwa wanakuja.”

Walimchukua palepale. Alipoachiliwa alikuwa anakohoa damu, na hakufika mwisho wa vita. Filimbi haikupulizwa, na kombe la msimu ule halina mwenyewe mpaka leo.

Amani ilipokuja, kama tuiite hivyo, nilikalia kiti chake. Timu zilirudi kutoka kila upande, isipokuwa Kampene. Mpira waliucheza kwao, lakini wazazi walikataa kutoa vijana wao kwa safari ya Kindu. Kila msimu niliwaachia nafasi kwenye kalandriye, na wajumbe vijana walininung'unikia kwamba naharibu ratiba. Vijana hao hao sasa huomba gari la polisi liongoze basi la timu, eti kwa heshima. Nikiliona hilo natoka uwanjani, na wananiita mzee mwenye visirani. Na waniite.

Msimu wangu wa mwisho nilipanda pikipiki nikaenda Kampene mwenyewe. Wazazi walinipokea uani kwa Mama Zaina, aliyemzaa Assani. Ni yeye aliyekuwa na neno la mwisho.

“Mutoto yangu alitoka hapa na mupira mu mikono,” aliniambia. “Mulinirudishia nini?”

Nililia mbele yao, mzee mzima. Aliniacha nimalize.

“Watakuja,” alisema. “Lakini weye mwenyewe njo utawachukua hapa, na weye mwenyewe njo utawarudisha hapa, mbele ya macho yangu. Na bunduki hata moja isionekane.”

Niliwachukua, wao ndani ya lori, pikipiki yangu ikiwa mbele. Penye barie za siku hizi askari walitaka kutusindikiza, nikakataa kwa ukali uliowashangaza. Kindu tulikutana na Mikelenge, na Kampene wakafungwa vibaya, mabao ambayo Assani angeyaona aibu. Sikujali. Nilichokuwa nakiogopa ni njia ya kurudi, na njia nzima sikufumba jicho wala sikumeza chakula.

Mama Zaina alikuwa amesimama kando ya barabara, wazazi wengine nyuma yake. Vijana waliteremka, akapita kwa kila mmoja akimgusa bega, bila haraka. Alipomgusa wa mwisho alinigeukia.

“Sasa enda upumuzike, Papa,” alisema.

Barua ya kustaafu nililetewa baadaye. Mimi nilistaafu pale barabarani.